Miaka miwili na nusu, maneno kumi na moja: Dar kila wiki, WhatsApp, chekechea au nisubiri?

MamaJunior_Nkuhungu
Habarini za jioni wakuu. Kijana wangu ana miaka 2 na miezi 5. Jana nimehesabu maneno yake kwenye daftari, yapo kumi na moja, pamoja na "mbukwa" ya bibi yake (salamu ya Kigogo) na "boda" analoita kila chenye magurudumu. Akitaka kitu ananivuta kidole. Ila ukimtuma kandambili za baba analeta, tena zote mbili.

Tunaishi Dodoma, na nipo njia panda. Kumpeleka Dar kwa mtaalamu wa usemi kila wiki: treni ya mwendokasi elfu 31 kwangu, kwenda tu, bado kula na kulala. Mtaalamu huyohuyo yuko tayari kunifundisha mimi kwa video ya WhatsApp, mara moja kwa wiki. Au chekechea hapa mtaani, "atachangamka akiona wenzake". Au nisubiri tu. Mama mkwe anasema mume wangu naye aliongea na miaka minne, na sasa hanyamazi (hapo kasema kweli).

Mwenye uzoefu anilinganishie.

Mzabibu
Dada, kabla ya hayo yote, masikio. Wangu mlango ukibamizwa alikuwa anageuka, tukajipa moyo kwamba anasikia. Kumpima, kumbe kuna majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, mafua yasiyoisha. "Samaki" kwake ilikuwa "amaki", ile s haimfikii kabisa. Na nilishamfokea sana kwamba hasikilizi, bado inaniuma. Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma kuna idara ya masikio, pua na koo. Anzia huko.

BabaPacha_Ipagala
Sisi tulienda Dar enzi za basi. Mtoto analala Morogoro, anaamka Kibaha amenuna, kipindi chenyewe nusu nzima yuko chini ya meza analia. Mtaalamu sina neno naye, mzuri. Lakini kilichomsaidia ni yale tuliyofanya nyumbani kati ya safari na safari.

Ila wanaosema WhatsApp inamtosha kila mtoto, hapana. Kulwa alikuwa na maneno tele, sema kila k inageuka t: tutu, titi, tata yangu. Nikimwambia "sema kuku" ananijibu kwa hasira "nimesema tutu!" Hiyo mimi ilinishinda. Ilibidi akae na mtaalamu uso kwa uso, amwonyeshe sauti inatokea nyuma kooni.

Bi_Makole
Mmemwangalia chini ya ulimi? Huyo ana udata, kiutando kimefunga ulimi. Yupo mzee anakata, dakika mbili. Na kimeo anakata hapohapo.

Usemi_Polepole
Bi Makole shikamoo, lakini hapa nakupinga. Kile kiutando kinaweza kumsumbua mtoto kunyonya. Hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba ukikikata, mtoto asiye na maneno atapata maneno. Kimeo ndio kabisa hakihusiki, na watoto wanavuja damu na kupata maambukizi kwa wembe huo. Na yale mazoezi ya kupuliza mrija na kuzungusha ulimi ambayo wengine wanauziwa, nayo hayajaonyesha kwamba yanaleta usemi.

MamaJunior, hii ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nivumilie. Mapitio ya 2003 ya Cochrane (mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba) yalikusanya majaribio ya tiba ya usemi na lugha kwa watoto. Tiba ilisaidia kwenye matamshi na msamiati. Kwa mtoto mwenye shida ya kuelewa, picha haikuwa wazi. Na walipolinganisha mtaalamu na mzazi aliyefundishwa, hawakuona tofauti kubwa. Sisitiza *aliyefundishwa*. Kuambiwa "ongea naye sana" si mafunzo.

Mfano uji. Usimpe kikombe kimejaa. Mimina kidogo, kishike, mwangalie, nyamaza. Hesabu hadi kumi moyoni. Akisema "uji", mrudishie kwa kuongeza kimoja: "uji moto". Usimlazimishe arudie. Maswali ya "hii nini? na hii?" yapunguze, ule ni mtihani.

Kipimo kinachotajwa sana, miaka miwili maneno yasiyopungua 50 na kuunganisha mawili, kimetokana na watoto wa Kiingereza. Kwetu "sitaki" ni neno moja lakini ndani yumo mtu, kuna kukataa na kuna tendo. Hata hivyo kumi na moja ni machache. Na mbukwa inahesabiwa! Bibi aendelee na Kigogo chake, lugha mbili hazimcheleweshi mtoto.

Kusubiri: wengi wanaochelewa hufikia wenzao, ila huwezi kujua wako yumo kundi lipi. Kuelewa maagizo ni dalili njema. Je, ananyoosha kidole kukuonyesha ndege, si kuomba tu? Anakuangalia usoni? Kama hapana, aonwe mapema na daktari wa watoto. Chekechea ya watoto arobaini na mwalimu mmoja si tiba, mpeleke kwa kucheza. Ningekuwa wewe: masikio, safari moja Dar apimwe ana kwa ana, halafu WhatsApp.

Kongwa_Kwetu
Nadandia mada. Wangu miaka 4, kigugumizi. Naye ni hivyohivyo?

Usemi_Polepole
Hapana, hicho kina njia zake. Lidcombe, iliyoanzia Australia, mzazi ndiye anayeifanya kila siku chini ya mtaalamu, na jaribio la 2005 lilionyesha inapunguza kigugumizi kwa watoto wadogo. Fungua uzi wako nije. Kwa sasa usimmalizie maneno.

MamaJunior_Nkuhungu
Mrejesho, wiki ya tano. Kidole ananyoosha, hasa kwa kunguru. Sikio la kulia lina majimaji kidogo, tumeambiwa turudi baada ya miezi mitatu. Dar tumeenda mara moja. Treni nzima akaiita "boda", abiria wakacheka. Mengine yote WhatsApp, bando linaniumiza ila si kama nauli.

Kigumu ni kule kunyamaza. Nimeshika kikombe nahesabu, mama mkwe yuko mlangoni: "Mpe mtoto uji, unamtesea nini?" Sasa naye kafundishwa, anahesabu kwa Kigogo, tena kwa sauti.

Maneno yamefika kumi na tisa. La jana ni "bado". Nikimwambia twende tukalale, bado. Tukaoge, bado.