MREJESHO: Kazi ya kununua vifaa vya magari ya mbio

Wakuu, niliuliza kama mtu wa Mwanza mwenye diploma ya ununuzi na ugavi anaweza kuingia kwenye vifaa vya magari ya mbio. Mlioniambia nianzie gereji, asanteni sana! Nimepata nafasi Nyakato, hapa Mwanza, kwa fundi anayeandaa gari la rali. Kumbe bei siyo swali la kwanza. Kiti cha dereva cha kiwango cha FIA (shirikisho la kimataifa la mbio za magari) 8855-1999 kwa kawaida kina ukomo wa miaka 5 tangu kitengenezwe. Kikikaa stoo ya muuzaji miaka 3, umelipia miaka 2 tu. Hilo chuoni sikulisikia. Mitihani ya PSPTB (bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi) naendelea nayo, na jioni fundi ananifundisha kusoma michoro ya vipuri.