Mjadala: Njaa imekukuta jetini na kilichopo ni viazi karai na soda. Ule au uvumilie?

Baharia wa boti ya abiria, Langoni

Assalamu aleikum jamaa. Naleta swali ambalo tumelizozania ndani ya boti siku kadhaa, na kila mmoja amebaki na lake.

Boti yetu yatoka Amu (Lamu) kwenda Mtangawanda na Faza, kisiwani Pate. Kazi hii haina saa ya chakula. Pale Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari tunaoupitia, maji ni haba, na bahari ikipwa boti iliyojaa watu hukwama hadi maji yarudi. Kwa hivyo twafuata maji: leo yakijaa saa nane, kesho yatajaa karibu saa tisa, na kesho kutwa yanasogea tena. Siku nyengine mtu ametoka nyumbani alfajiri na chai ya rangi tu, na wali atauona baada ya Alasiri. Njaa ikimshika hapo kati, kilicho karibu na gati ni viazi karai, bajia, mahamri, biskuti na soda.

Wiki jana tulikuwa na abiria mmoja mzee, mgonjwa wa sukari. Sote twamwita ami. Alikuwa amemeza vidonge vyake asubuhi. Tulipomkaribisha viazi alikataa, akasema kliniki wamemkataza mafuta na vitu vitamu, heri akae na njaa yake hadi afike kwake. Tukangoja maji muda mrefu. Tulipoingia Mkanda nikaona kanzu yake imelowa kifuani, na hakuna wimbi lililoturukia. Mikono yatetemeka, tasbihi ikamponyoka ikaanguka kwenye maji ya chini ya boti. Nikimsemesha, anajibu maneno ya mtu anayeota. Mama mmoja aliyekaa nyuma akapiga kelele, "Mpe soda, upesi!" Tukamnywesha kidogo kidogo. Haikupita nusu saa akauliza tumefika wapi.

Tangu siku hiyo mimi nasema: njaa ikikushika kweli, kula kilichopo, hata kama si kizuri. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Nahodha wangu apinga. Yeye asema ami ni mgonjwa, hawezi kuwa mfano wa watu wote. Mtu mzima mwenye afya ana akiba mwilini, na kuruka mlo mmoja si kitu. Asema tumezoea kusukumia karai kila tukisikia tumbo, na ndiyo sababu sukari na presha zimejaa majumbani. Yeye mwenyewe hagusi kitu mpaka afike nyumbani.

Mwasemaje?

Hamali, jetini

Kaka, swali hilo ni la mtu mwenye hiari. Mfuko wa simiti ni kilo 50, naushusha kutoka jahazini, naupandisha begani, naufikisha kwa punda. Mara thelathini, mara arubaini kwa asubuhi moja. Uniambie nivumilie hadi adhuhuri? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nala viazi vyangu na soda baridi, na kazi yaenda. Nisipokula, miguu hulegea kwenye ule ubao wa kushukia, na nikiteleza pale nimekwisha.

Tena mimi nina vidonda vya tumbo, na vidonda kila mtu ajua vyaletwa na njaa.

Dada wa ofisini, Wiyoni

Mimi niko na nahodha. Nilikuwa nakula mahamri mawili na soda kila saa nne kwa sababu wenzangu wote wala. Siku moja nikaamua kutokula kitu kutoka chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana. Siku tatu za mwanzo nilisumbuka. Baadaye nikagundua njaa ya saa nne yaja kama wimbi: yapanda, yakaa kidogo, yapoa yenyewe hata sijala. Kumbe mwili ulikuwa umezoea saa tu.

Sasa kwa nini nijaze tumbo kwa kitu kitakachonidhuru, eti kwa sababu tumbo limenguruma?

Muuguzi mstaafu, Mkomani

Wanangu, nimesoma yote, na ninyi nyote mwaongea kweli nusu nusu. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, niacheni niseme kwa urefu kidogo.

Kwanza huyu ami. Baadhi ya vidonge vya sukari, kama glibenklamidi, huisukuma kongosho itoe insulini, ile inayoshusha sukari ya damu, bila kungoja chakula. Ukimeza halafu usile, sukari ya damu yashuka. Ikifika chini ya 4 kwenye kile kipimo cha kidoleni, mtu hutokwa na jasho, hutetemeka, moyo wamwenda mbio, mwisho huchanganyikiwa, na asipowahiwa hupoteza fahamu. Wanaojidunga insulini ni hivyo hivyo. Anayetumia metformini, kidonge kingine cha sukari, peke yake hatari yake ni ndogo zaidi. Ndiyo maana nasema mgonjwa aulize kliniki: dawa yangu mimi ni ya aina gani, na nikichelewa kula nifanye nini?

Yule mama wa nyuma ya boti alimwokoa mtu, Mungu amjaze kheri. Sukari ikishuka, kinachotakiwa ni kama gramu 15 za sukari ya kufyonzwa haraka, ambayo ni karibu nusu chupa ya soda ya mililita 300. Wangoja dakika 15, wapima tena ukiwa na kipimo, na dalili zikibaki wampa tena. Akitulia ni lazima ale chakula cha kushika tumbo, kwa sababu kile kidonge bado kingali kinafanya kazi ndani na chaweza kumshusha tena. Jambo moja mlishike: aliyezimia msimtie kitu mdomoni, kitampalia. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali, na kwa watu wa visiwani kukimbizwa ni boti, kwa hivyo bora isifike huko.

Basi soda siku ile ilikuwa dawa. Lakini chupa hiyohiyo ina sukari karibu vijiko vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani lasema sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu ya chakula unachokula kwa siku, na ikiwezekana ishuke hadi kama gramu 25. Chupa moja imeshapita hapo. Hamali anywaye mbili kwa siku kila siku ya Mungu, kwa mtazamo wangu, anajipalilia ugonjwa hata kama jasho lamtoka.

Nahodha naye, ikiwa hana maradhi wala hatumii dawa, hakosei. Ini lina akiba ya wanga, na ikipungua mwili hugeukia mafuta. Mlo mmoja haumdhuru mtu mzima. Ninaowakataza kuruka ni watoto, waja wazito, wanaonyonyesha, wazee waliodhoofu na hao wa sindano na vidonge. Wengine twaweza kubishana.

Muuza viazi karai, jetini

Jamani nimenyamaza lakini naona nyote mwanilenga mimi.

Kiazi changu nakichemsha kwanza nyumbani. Nikikitia kwenye rojo la unga na bizari, karai hukipitia dakika chache tu, natoa, nachuja. Chatne ni ya ukwaju, naikamua kwa mkono wangu. Wanangu wanne wamesoma kwa karai hili. Mafuta yalipopanda bei ule mwaka wa 2022, wako waliokaangia mafuta yaleyale mpaka yakawa meusi kama kahawa. Sisemi uongo, hata mimi siku nyengine nilirudia kuliko nilivyotaka. Lita moja ilikuwa inakula faida yote.

Lakini niwaulize: mwataka niuze nini? Nilileta muhogo wa kuchemsha mwaka juzi. Watu wakaupita, wakaenda kwa jirani yangu mwenye chipsi. Nikarudi nao nyumbani tukaula wenyewe. Mimi nauza kinachonunuliwa.

Muuguzi mstaafu, Mkomani

Mama, hakuna anayekulaumu, na hilo la mafuta umelisema kwa ukweli. Mafuta yakirudiwa sana huvunjika, yakazaa vitu visivyofaa mwilini. Dalili waziona mwenyewe: yamekuwa meusi, yanatoa povu, yanafuka moshi mapema, yana harufu kali. Yakifika hapo ni ya kumwaga. Kiazi chako kilichokaangwa kwa mafuta masafi si adui wa mtu. Ninachokiogopa ni karai jeusi kila siku, pamoja na soda, pamoja na chumvi ya kunyunyiza.

Hamali, jetini

Mama muuguzi, shikamoo. Hujanijibu la vidonda.

Muuguzi mstaafu, Mkomani

Marahaba mwanangu. Vidonda vingi vya tumbo havichimbwi na njaa. Huletwa na kijidudu kiitwacho Helicobacter pylori. Madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walikigundua mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Chapimwa, chatibiwa kwa dawa za siku kadhaa. Njaa yaweza kukufanya uusikie uchungu zaidi, lakini ukila viazi kutwa nzima kijidudu hakitoki.

Sababu ya pili kubwa ni vidonge vya maumivu, ibuprofeni na diklofenaki na jamaa zao. Je, wavitumia?

Hamali, jetini

Kila siku. Viwili kabla ya kuanza kazi, kwa sababu ya mgongo. Huvimeza na maji tu, saa kumi na mbili asubuhi.

Muuguzi mstaafu, Mkomani

Hapo ndipo penye moto wako. Vidonge hivyo hudhoofisha ule utando unaolilinda tumbo. Kuvimeza baada ya chakula hupunguza mchomo lakini hakuondoi hatari yote. Nenda upimwe kijidudu, na umwambie daktari unameza nini na mara ngapi. Ukiona choo cheusi kama lami, usingoje kesho. Nakusihi kama mamako.

Ustadh wa madrasa, Shela

Nami nitie neno, kwa sababu naona wengine wataka kusema kuruka mlo ni kama kufunga. Si sawa. Mfungaji amekula daku, anajua atafuturu Magharibi, ana nia, na hapa kwetu saumu ni saa kumi na tatu na ushei. Anayeruka mlo kwa kuwa hakuna cha maana karibu, hana daku wala hajui atakula saa ngapi. Na hata katika saumu yenyewe, Sura ya Al-Baqara imempa ruhusa mgonjwa na msafiri. Yule ami alikuwa mgonjwa na alikuwa msafiri. Ikiwa faradhi ya Ramadhani imemwepuka mtu wa hali hiyo, nani amemlazimisha kujifunga njaa siku ya kawaida?

Lakini nawakumbusha na upande wa pili. Tumefundishwa theluthi ya tumbo iwe ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi. Nawaona vijana wakifuturu kwa kaimati na sambusa na vitu vya kukaangwa mpaka hawawezi kurukuu. Njaa si ruhusa ya kula chochote kwa kiasi chochote.

Kijana wa Pate, sasa yuko Mombasa

Kuna jambo mwalikwepa. Wengi pale gatini hawaruki mlo kwa afya, waruka kwa miraa. Ukitafuna, njaa huisikii hadi usiku, halafu wala kama umetoka kifungoni. Mimi nilifanya hivyo miaka miwili. Nilikonda uso, tumbo likaota. Nikisikia mtu asema "mimi sili mchana", huuliza kwanza: shavuni una nini?

Dada wa ofisini, Wiyoni

Ndugu wa Pate umenigusa, si kwa miraa bali kwa hilo la usiku. Niseme ukweli ambao sikuuandika mwanzo. Siku ambazo kazi hunishika nikaruka na chakula cha mchana pia, nikifika nyumbani nala nimesimama, jikoni, kutoka kwenye sufuria, kabla hata sijavua buibui. Wali wa nazi wa watu wawili naumaliza. Kwa hivyo saa nne naweza kuacha na nikawa salama. Mchana siwezi. Nimejua mpaka wangu ni hapo, na sidhani mpaka wa hamali ni huo huo.

Baharia wa boti ya abiria, Langoni

Nawashukuru nyote. Mama muuguzi, maneno yako nimeyasoma kwa sauti botini, na kuanzia sasa kwenye kile kisanduku cha maboya ya kujiokolea kuna chupa mbili za soda na pakiti ya sukari, za dharura tu. Nimekubali kosa langu moja: nilichukua yaliyompata ami nikataka yawe hukumu ya kila mwenye njaa. Lakini sijakubali kwamba kazi ni ya mtu peke yake kujizuia. Mama wa viazi amesema kweli, auza kinachonunuliwa. Nimemwomba alete mayai ya kuchemsha na muhogo wa nazi siku za safari ya mchana, na mabaharia sita tumemwahidi tutanunua, hata chipsi zikinukia namna gani. Akasema atajaribu wiki moja.

Muuza viazi karai, jetini

Nimejaribu. Mayai yamekwisha. Muhogo umebaki nusu. Kesho nitatia pilipili na ndimu.

Baharia wa boti ya abiria, Langoni

Leo tumeondoka saa tano, na ami alikuwemo. Alirudi kliniki na mwanawe, wakamweleza saa za kula na za vidonge. Tulipofika Mkanda akafungua karatasi, ndani mna tende na kipande cha mkate wa mofa, akanipa tende moja. Nahodha hakula kitu mpaka Faza, na safari hii sikumbishia. Mimi nilikula yai na viazi viwili, nikanywa maji.