Mashapo ya kahawa, majivu ya mbabula au samadi ya mbuzi: kipi kinafaa bustani ya nyumbani?

FurahaHimbi (Goma)
Jambo kwenu wote. Kiwanja chetu hapa Himbi ni makoro matupu, yaani mawe ya volkano, kwa hiyo nalima kwenye magunia: lengalenga (mchicha), nyanya, na sasa nimeanza kitalu cha kabichi. Udongo nanunua, nao huchoka upesi. Mkahawa mmoja jirani umekubali kunipa bure mashapo ya kahawa, ndoo nzima. Majivu ya mbabula, jiko letu la makaa, ninayo kila asubuhi. Samadi ya mbuzi ndiyo inayotaka pesa. Je, mashapo yanaweza kushika nafasi ya samadi? Nimesikia pia kwamba yanatia udongo uchachu, naogopa.

PapaBagira (Bukavu)
Mama Furaha, vitu hivyo vitatu havifanyi kazi moja.

Mashapo yakiwa makavu yana nitrojeni, chakula kinachokuza majani, kama asilimia 2 ya uzito wake, lakini mmea hauwezi kuichukua hapo hapo. Vijidudu vya udongo vinapaswa kuyaozesha kwanza, na vikiwa kazini vinakula hata ile nitrojeni iliyokuwa tayari kwa mmea. Ndiyo maana lengalenga huweza kugeuka njano juu ya mashapo mabichi, na mwenye bustani anashangaa kwa sababu ameambiwa ile ni mbolea. Halafu kuna kafeini iliyobaki, ambayo inaweza kuzuia mbegu kuota. Nakuomba sana, kitalu cha kabichi usikitie hata kijiko. Mwaka 2016 watafiti wa Melbourne, Australia, walitoa matokeo ya jaribio lao: walichanganya mashapo na udongo moja kwa moja, wakapanda brokoli, liki, figili na alizeti. Mimea ilidumaa katika kila aina ya udongo, hata palipoongezwa mbolea.

Uchachu usikutie hofu. Sehemu kubwa hutoka na maji ya moto na kunywewa. Mashapo yenyewe mara nyingi yana pH (kipimo cha uchachu, 7 ni katikati) ya 6.5 hadi 6.8, yaani karibu na katikati.

Majivu yana potasiamu na chokaa. Nitrojeni hayana, moto umeshaipeleka hewani. Huku kwetu kwenye udongo mwekundu wa milimani, ambao ni mchachu, majivu ni msaada mkubwa. Kwenu Goma udongo wa volkano bado ni mpya na una madini yake, kwa hiyo kiganja kimoja kwa gunia kinatosha, na si kila wiki.

Kama pesa inatosha kitu kimoja tu, nunua samadi iliyooza vizuri. Hapo sina shaka.

YayaNeema (Goma, Keshero)
Papa, kwa heshima, mimi sikubali yote. Nanyunyiza mashapo moja kwa moja kwenye migomba na waridi, na vinastawi. Tena udongo wetu unapitisha maji haraka mno, yanamwagika chini kati ya mawe. Chochote kinachoongeza mboji kinatusaidia.

PapaBagira (Bukavu)
Yaya, hapo una haki. Mgomba umeshakomaa na mizizi yake imetambaa mbali, hautadhurika na tabaka jembamba. Mche wa nyanya ndani ya gunia hauna pa kukimbilia. Ila hata kwa migomba, funika kwa majani makavu, na tabaka lisifike unene wa kidole. Likizidi linashikana na kuwa ukoko.

Mkulima_Katuba (Lubumbashi)
Huo ukoko sisi tunaujua! Huku kiangazi ni Mei hadi Septemba, karibu hakuna mvua kabisa. Mashapo yakikauka juu ya udongo, ukimwagilia maji yanateleza pembeni na mizizi inabaki na kiu. Usipoangalia unadhani umemwagilia.

Na kwetu majivu yana kazi nyingine. Mitaa mingine imepokea vumbi la viwanda vya shaba kwa miaka mingi, na udongo ukiwa mchachu, mboga hufyonza madini hayo kwa urahisi zaidi. Chokaa au majivu pamoja na mboji nyingi hupunguza, ingawa haviyaondoi. Kwa hiyo mimi siwezi kuacha majivu hata nikipewa kahawa ya bure. Mama, osheni mboga vizuri.

FurahaHimbi (Goma)
Aksanti sana. Basi nifanyeje na ndoo hizi? Kuzitupa inaniuma. Na konokono je? Wanasema wanakimbia mashapo.

YayaNeema (Goma, Keshero)
Konokono mimi nawaokota usiku kwa tochi. Niliona wanatambaa juu ya mashapo bila wasiwasi.

PapaBagira (Bukavu)
Kafeini kali huua konokono, walijaribu Hawaii kwa maji yenye asilimia 1 hadi 2, lakini mashapo hayafikii nguvu hiyo.

Ndoo zako peleka kwenye boji, yaani rundo la kuozesha mabaki mpaka yawe mboji. Tafuta pipa au gunia lililotobolewa, weka majani makavu, maganda ya ndizi na ya viazi, mabaki ya sombe (majani ya muhogo), samadi kidogo ukipata, halafu mashapo. Yasizidi sehemu moja kwa tano ya rundo lote. Geuza, lisikauke wala lisilowe. Likiwa jeusi na kunukia kama udongo wa msituni, hapo changanya kwenye magunia. Usitie majivu pamoja na samadi mbichi, nitrojeni itatoroka kama ile harufu kali inayochoma pua. Majivu yakae pembeni mpaka siku ya kuchanganya udongo.

Samadi basi utanunua kidogo tu, boji litabeba sehemu iliyobaki.

FurahaHimbi (Goma)
Nimeelewa, kesho natoboa gunia. Wale wa mkahawa wananipa mashapo yakiwa bado ndani ya karatasi za kuchujia. Niziondoe?

Mkulima_Katuba (Lubumbashi)
Acha, zinaoza. Zichane tu vipande ili zisigandane.