Nafasi za usaidizi: kazi ya kujengea maisha au kusindikiza wenzako?

Mwanagenzi
Wakuu, naomba tujadili bila kutukanana. Nina miaka 9 mbele ya kamera. Nimekuwa daktari, wakili, shemeji mlevi, askari wa zamu. Sijawahi kuwa yule ambaye hadithi ni yake. Jana wakala wangu kaleta kazi ya tamthilia: mhusika msaidizi, vipindi 6. Wapo wanaoniambia nikikubali tena nimejifunga, hakuna atakayeniona kama mhusika mkuu. Wengine wanasema kazi ni kazi. Je, mtu anaweza kuishi maisha yake yote ya uigizaji kwenye nafasi hizi, au kuna mahali pa kusema basi?

Kisu Kikali
Sema basi. Ukiwazoeza watu kukuona pembeni, utabaki pembeni. Samahani mkuu, lakini huko si kuigiza, ni kusindikiza wenzako.

Bi Mkubwa wa Seti
Kusindikiza? Nimerudia kusoma nikidhani macho yangu yana tatizo. Kisu, umewahi kukaa seti siku nzima? Nilikuwa muuguzi, sini moja, maneno matatu na kikombe cha chai. Kwanza kamera ikatuchukua sote kwa pamoja. Kisha kamera ikamgeukia staa, na mimi nikasimama nyuma yake, sionekani kabisa, nampa maneno yangu kwa uchungu uleule ili naye apate cha kujibu. Mara kumi na moja. Zamu yangu ilipofika ilikuwa usiku, staa ameshaondoka. Maneno yake nilisomewa na binti wa mwendelezo, yule anayehakikisha picha zote zinalingana, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya majina, na mimi macho nimeyatuliza kwenye kipande cha utepe kilichobandikwa kwenye stendi ya taa. Kikombe nikakinyanyua palepale nilipokinyanyua mchana, mkono wa kushoto, kwenye neno "kesho", maana nikipakosa hapo mhariri hana pa kuunganishia. Nikaulilia ule utepe. Hiyo ndiyo unaita kusindikiza.

Kisu Kikali
Dada, nakuheshimu, ila umenijibu habari za uchovu. Kubeba zege nako kunachosha. Nitajie aliyefika kwa njia hiyo.

Jicho la Tatu
Lupita Nyong'o! Oscar kwa filamu yake kubwa ya kwanza. 2013 kama sikosei.

Mzee wa Kumbukumbu
Umekosea kidogo, mwanangu. Filamu ni ya 2013, tuzo alipokea Machi 2014. Na ilikuwa tuzo ya mwigizaji msaidizi, hilo usiliache. Beatrice Straight alishinda tuzo hiyohiyo 1977 kwa dakika 5 hivi tu za kuonekana. Dakika 5!

Kisu Kikali
Asanteni kwa kunisaidia. Lupita alipita hapo, hakujenga nyumba hapo. Na dakika 5 za tuzo hazilipi kodi ya miaka 30.

Mzee wa Kumbukumbu
Unarukaruka. Ulisema si kuigiza, sasa unasema hakulipi. John Cazale, mwigizaji wa nafasi za usaidizi, alicheza filamu ndefu 5 tu kabla ya kufariki 1978, zote zikawania Oscar ya filamu bora, na yeye hakuteuliwa hata mara moja. Zitazame halafu uje uniambie alikuwa anamsindikiza nani. Dharau yako si ngeni. Tuzo za wasaidizi zilipoanza, kwenye sherehe ya 1937, washindi wake walipewa bamba. Sanamu waliachiwa wakuu, hadi 1944. Hattie McDaniel, mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar, mwaka 1940 aliondoka na bamba, na ukumbini alikuwa amekalishwa meza ya kando ukutani.

Pendo la Fasihi
Naomba niingilie hapo kwenye "kusindikiza", kwa sababu mmekubali wote kwamba ni tusi. Anayesindikiza mgeni ni nani? Si mwenye nyumba? Na darasani tulifundishwa mhusika bapa, wa sura moja asiyebadilika, na mhusika duara, mwenye undani na anayebadilika. Hakuna aliyesema mhusika mdogo lazima awe bapa.

Jicho la Tatu
Dada Pendo, hapo umenigusa. Ila "msaidizi" bado linaniuma. Msaidizi ni mtu wa kutumwa.

Pendo la Fasihi
Basi tuseme mhusika wa pili.

Bi Mkubwa wa Seti
Wa pili kwa nani? Muuguzi wangu hakujua kama yeye ni wa pili. Alikuwa kazini.

Jicho la Tatu
Wa kando?

Kisu Kikali
Iteni mnavyotaka. Mnaniona nina roho mbaya, basi niseme. Mama yangu aliigiza miaka 20. Shangazi, jirani, mama mkwe. Tamthilia yake moja bado inarudiwa hadi leo. Watu wanamwita barabarani kwa jina la mhusika. Alilipwa kwa siku alizopiga kazi, ikaisha. Sasa hivi anaumwa, na juzi nimekaa naye tunamwangalia akicheka kwenye runinga. Hana hata senti ya hicho kicheko. Ndiyo maana nasema basi.

Bi Mkubwa wa Seti
Mdogo wangu, pole sana. Ungeanza na hilo. Muuguzi wangu naye anarudiwa hadi leo, na mimi sijaona kitu.

Mzee wa Kumbukumbu
Mpe mama pole zetu. Lakini basi ugomvi wako ni na mkataba, si na nafasi. Waigizaji wa Marekani waligoma 1960 ndipo wakapata malipo ya marudio kwa filamu zinazouzwa kwenye televisheni, na waliocheza za kabla ya hapo wakaachwa nje. Mwaka 2023 wakagoma tena siku 118, na moja ya madai ni hayohayo marudio, safari hii kwenye intaneti. Waliokuwa wanaumia zaidi si mastaa. Ni kina mama yako.

Jicho la Tatu
Na yule Geoffrey Owens, 2018? Alicheza miaka kwenye tamthilia iliyoisha 1992, akapigwa picha yuko kazini duka la vyakula, ikasambazwa ili achekwe.

Bi Mkubwa wa Seti
Na wenzake wakasimama naye. Kazi ni kazi, iwe dukani iwe seti. Mwanagenzi, bado upo? Huo mkataba wa vipindi 6 unasemaje kuhusu marudio?

Mwanagenzi
Nipo, nimesoma yote. Kisu, nimemfikiria mama. Mkataba una kurasa 14 na mimi nilisoma jina la mhusika na tarehe tu. Nimempigia wakala, anasema kipengele cha marudio hakipo. Nimemwambia sitii saini hadi kiwepo.

Kisu Kikali
Na kisipowekwa?

Mwanagenzi
Kesho saa nne nakutana nao.