Mke wangu ana MG na ameacha kucheka, nitajuaje kama ni ugonjwa ama ni mawazo?

BabaNasra_Kisauni

Assalam aleikum wadau, poleni na joto. Swali langu refu kidogo mnivumilie.

Mke wangu alipatikana na miasthenia gravis mwaka juzi, hii wanaita MG, ule ugonjwa wa misuli kuishiwa nguvu, na hapo ni baada ya kuzungushwa sana, mara macho, mara presha, mara una stresi tu mama kapumzike. Sai anatumia Mestinon ya kuipa misuli nguvu na prednisoloni ya kutuliza kinga ya mwili, na juzi juzi wakamuongezea azathioprini, nayo ya kutuliza kinga. Kope zilikuwa zikianguka lakini sasa afadhali, kula anakula, kutembea anatembea, ukimkuta asubuhi utasema huyu hana kitu.

Shida ni kwamba ameacha kucheka. Ukimwambia jambo la kuchekesha mdomo haupandi, meno yanaonekana kidogo tu kama mtu aliyenuna ama anayekudharau. Basi mamangu na dada zangu washaweka neno, ati tangu aumwe ana kiburi, ati wageni wakija anawakunjia uso. Na akiongea na simu kwa muda sauti inaingia puani maneno yanakuwa mazito, na mtaani kwetu mnajua, mtu mwenye macho ya kusinzia na ulimi mzito kitu cha kwanza watu wanawaza ni unga, yaani dawa za kulevya. Kuna jirani aliuliza kwa mzaha kama shemeji ameanza mambo ya mateja. Mwanamke wa watu na heshima zake, wallahi iliniuma kuliko yeye.

Sasa mpwa wangu anaoa karibuni na mke wangu kasema haendi. Viazi karai vya kuuza jioni kaacha, wateja wanapita wanauliza. Usiku halali, anazunguka tu nyumbani. Na majuzi akaniambia "mie sai ni mzigo tu kwenu". Kliniki nilipomweleza daktari alikuwa na foleni mpaka nje akanijibu ndio MG hiyo atazoea.

Kwa hivyo nauliza wenye kujua, hii yote ni MG, ama ni dawa, ama ni mawazo? Na mtu anatenganisha vipi?

Mvita_Original

Pole ndugu. Macho kuanguka na uso kubadilika hivyo mara nyingi ni kijicho, biashara ya karai ilikuwa inaenda vizuri sio? Tafuta shekhe amsomee. Hizo dawa za kemikali nyingi ndizo zinammaliza.

BiTudor

@Mvita_Original kusomewa ni kheri na mie nasomewa, lakini usimwambie mtu wa MG aache dawa, prednisoloni ikikatwa ghafla mtu anaweza kwenda nayo. Tuheshimiane hapo.

Baba Nasra mie ninayo MG mwaka wa nane huu na hilo la kucheka umeniamshia mambo. Kwanza waeleze mamako na mawifi zake vizuri, kicheko ni misuli. Kinga ya mwili inatengeneza vitu vya kushambulia pale neva inapopokezana na msuli, kwa hivyo neva inatuma amri ya kucheka na msuli wa shavu hauipokei vizuri. Pembe za mdomo zinakataa kupanda, mdomo wa juu peke yake ndio unainuka, basi unatoka uso wa kununa. Ndani umecheka sana na nje watu wanaona dharau. Mie picha za harusi ya dada yangu nimeziba mdomo na leso zote, hakuna hata moja sikuziba, na watu wakasema mashallah ana haya.

Sasa ufikirie mtu akikaa hivyo miaka. Uso wako ndio unaongea na watu kabla hujasema kitu, na uso ukikusaliti watu wanakujibu kwa ubaya, na ukijibiwa kwa ubaya kila siku unaanza kukaa ndani. Hapo ndipo mawazo yanaingilia. Sio kwamba imani yake ndogo.

Kula mbele za watu pia ni mtihani mwingine ambao wanaume hamuuoni. Kipande cha kwanza cha mshikaki kinaenda, cha tatu taya limechoka, naishikilia kidevu na kiganja kutoka chini nikijifanya nimeegemea mkono, nikisukuma taya juu nitafune. Maji yanataka kutokea puani. Sasa wewe uketi na sinia la pilau na wanawake saba wanakutazama? Ndio hataki harusi. Muulize kwa upole ni kipi hasa anaogopa pale, usimuulize mbona hutaki kwenda.

Kutenganisha, mie najiuliza hivi: je nataka na mwili unakataa, ama mwili unaweza na mie sitaki? Siku ya MG natamani kushuka ufukweni Mama Ngina nikapunge upepo na miguu inagoma. Siku ya huzuni niko vizuri, dawa imeshika, na hata kufungua dirisha sitaki. Na MG huzidi kadri unavyotumia msuli, asubuhi mzima jioni hoi, ukipumzika inarudi kidogo. Kama ni jioni tu basi hiyo ni MG.

Na joto jamani. Hii kaskazi ya Januari mpaka Machi inatutesa, joto huzidisha udhaifu, na karai la mafuta jioni jikoni bila feni ndio adui kabisa. Akitaka kurudi kwa biashara amenye na kuchemsha viazi asubuhi na mtu mwingine akaange.

Nesi_Likoni

Nimestaafu lakini nilifanya wadi miaka mingi. Bi Tudor umesema vizuri, ila hapo pa kutenganisha nakupinga kidogo. Sio rahisi hivyo ati jioni ni MG asubuhi ni mawazo. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili mwili mmoja, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa, hofu na huzuni nzito ni vya kawaida kwa watu wa MG kuliko watu wengine. Shida ni kwamba maswali tunayotumia kupima huzuni yanauliza kuhusu kuchoka, kulala vibaya, kula vibaya, na hayo yote MG na dawa zake zinaleta zenyewe. Ndio daktari mwenye haraka anaona dalili anasema MG hiyo. Vitu ambavyo MG haileti ni kujiona huna maana, kujilaumu, kukosa raha hata kwa kitu ulichokipenda ambacho hakihitaji nguvu. Kama alikuwa anapenda kusikiliza taarabu na sasa anazima redio, redio haina uzito wa kuinua.

Usiku kutolala, angalia prednisoloni. Inafanya mtu awe macho, awe na hasira za karibu, alie bila sababu, wengine inawapandisha furaha isiyo ya kawaida halafu inawaangusha. Inanenepesha uso pia na mwanamke hilo linamuumiza zaidi ya mnavyodhani. Muulize anaimeza saa ngapi, kama ni usiku mwambieni daktari kuhusu kuihamisha asubuhi baada ya kula. Asipunguze mwenyewe. Hiyo azathioprini lengo lake mara nyingi ni ili prednisoloni iweze kushushwa, lakini ni pole pole, miezi sita hadi mwaka na zaidi ndio inaanza kuonekana, mtu asipoambiwa hilo anaona dawa mpya nayo imeshindwa na anakata tamaa zaidi.

Kliniki ijayo usiende na maneno ya "ana mawazo". Kuna dodoso la MG linaitwa MG-QOL15, lina maswali 15, kila moja ni 0 mpaka 4, jumla ikifika 60 ndio maisha yamebanwa kabisa. Linauliza macho, kula, kuongea, kazi, kutoka na watu, kujitunza mwili, kama unaweza kutimiza mahitaji ya familia, kama umelemewa. Alijaze nyumbani kwa utulivu mkalipeleke. Daktari ambaye hana dakika za hadithi ana dakika ya kuangalia namba, na akiona kope ni 1 na kulemewa ni 4 ataelewa mwenyewe kuwa kuongeza Mestinon sio jibu.

Lile neno la mzigo usilipite. Muulize waziwazi kama amewahi kuwaza kufa ama kujidhuru. Kuuliza hakumpi wazo, kunampa mlango wa kusema. Akisema ndio asiachwe peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na 1199 ya Red Cross ya Kenya wanapokea simu bure. Najua huku kwetu ukitaja daktari wa akili watu wanasikia Port Reitz, kule kwenye wadi ya wagonjwa wa akili, na wanaruka, lakini kuna washauri nasaha hospitali za kawaida, anza hapo. Dawa za huzuni zipo ambazo watu wa MG wanatumia bila taabu, ila za usingizi aina ya valiamu asinunuliwe kienyeji, zinaweza kulegeza pumzi.

Na pumzi sasa. Hofu inabana kifua na MG ikizidi inabana kifua, na nyumbani mtu anaweza kuambiwa tulia tu ni wasiwasi, kumbe misuli ya kupumua inachoka. Mfundishe avute pumzi moja ahesabu kwa sauti mpaka iishe, siku akiwa vizuri, mjue namba yake. Siku inashuka sana, ama hafiki 20, ama hawezi kulala chali, ama anapaliwa na mate na kikohozi hakina nguvu, hiyo ni dharura. Msingoje asubuhi.

Zamani_Bandarini

Mie mwanamume na ninayo. Sina mengi. Nilikuwa bandarini, sai nauza maji na soda Majengo. Kitu kinachonimaliza mimi ni kuonekana mzima. Pale feri nikikaa upande wa wagonjwa askari ananitazama juu mpaka chini, kijana mkubwa huyu. Nikiteremka ile ngazi nikiona vitu viwili viwili naweka mkono kwa bega la mtu nisiyemjua. Nilikuwa nafunika jicho moja na mkono mpaka mtu wa macho akanibandikia karatasi kwa kioo kimoja cha miwani, nikapona aibu ya ngazi.

Kaka usimfanye mkeo mgonjwa wa kukaa tu. Mie nilipoambiwa pumzika pumzika na kila mtu ndio nilizama. Mpe kazi ambayo anaiweza na pesa yake aishike mwenyewe.

BabaNasra_Kisauni

Allah awalipe. Nimekaa naye jana baada ya Isha nikamsomea mengine humu. Nilipofika pale pa kidevu na mshikaki alilia halafu akasema "huyo mama ananijua". Nimemuuliza lile swali Nesi. Akasema ya kujidhuru hapana, ila kuna usiku anaomba asiamke. Asubuhi hii tunaenda kuona mshauri, dadake amekuja kukaa na watoto.

Prednisoloni kumbe alikuwa anaimeza jioni, aliona ndio saa ya kukumbuka.

Mamangu bado hajaelewa vizuri, anasema mbona jana alicheka na mtoto. Na kuhusu harusi ameniambia anachoogopa ni chakula na kupigwa picha, watu wenyewe hana neno nao.

BiTudor

Hilo la kuomba asiamke mwambieni mshauri vile vile alivyolisema, msilipunguze makali.

Mamako mwambie alicheka na mtoto pengine kwa sababu ilikuwa asubuhi ama dawa imeshika. Mestinon inachukua nusu saa hivi kuanza na baada ya masaa matatu manne inaisha, kwa hivyo uso wake una masaa yake. Harusi aende mchana kwa akad, ama aingie ukumbini mapema akae karibu na feni, ale nyumbani kabla, na atoke watu wakianza kupanda jukwaani. Saa ya dawa asisogeze bila kumuuliza daktari. Mpwa wako ataelewa, na asiyeelewa shauri yake.

Nesi_Likoni

Mmefanya vyema kwenda leo leo. Neno la mwisho halihusu mawazo lakini limewaponza wengi, mtu wa MG akiugua homa ama tumbo anakimbilia duka la dawa. Siprofloksasini, azithromaisini, gentamaisini, kwinini, magnesiamu ya mshipa, na dawa za presha aina ya propranololo zinaweza kumrudisha nyuma vibaya. Andika kwa karatasi uibandike kwa kitabu chake cha kliniki, na ukienda kwa mshauri leo ibebe hiyo pia, kwa sababu akipelekwa kwa daktari wa kumwandikia dawa ataiulizia.