Tupeane uzoefu: simu imekutoa nyumbani kufanya mazoezi, au imekukalisha?

Habari zenu wakuu. Naanza na ya kwangu.

Kazi yangu ni uhasibu, kutwa nzima niko kwenye kiti. Mwaka 2021 nilipimwa presha ikakutwa 150 kwa 95, daktari akaniambia nitembee angalau nusu saa kila siku. Nikapakua programu ya kuhesabu hatua, lengo 10,000. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa natoka hata saa nne usiku kuzunguka nyumba ili nifikishe. Wiki ya tatu nikasoma 3,000, kesho yake 2,500, halafu sikuifungua tena.

Kilichonirudisha barabarani ni kundi la WhatsApp la jogging hapa Mbagala. Saa kumi na moja alfajiri mtu anaandika "nani yuko macho?" Ukishajibu "nipo", ujue kuna watu wanakusubiri kwenye kona, na kurudi kulala inakuwa ngumu sana. Jumapili tunavaa fulana za klabu, filimbi mbele, nyimbo nyuma, mpaka Temeke na kurudi. Nikikosa siku mbili, napigiwa simu kuulizwa kama naumwa. Ile programu haikuwahi kuniuliza. Presha sasa inacheza kwenye 128 kwa 82, na dawa bado nameza.

Wewe je?

*Nesi wa Mwanza*
Hongera sana mkuu, na dawa usiache. Hiyo 10,000 lakini haikutoka hospitali. Ilianzia kwenye kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, jina lake manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Nalisema kwa uchungu kwa sababu mama yangu, miaka 71, aliwekewa lengo hilo na mjukuu wake. Mama si mtu wa kushindwa. Akazifuata kila siku hadi goti likavimba. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2019 juu ya wanawake wazee: waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko wa 2,700, na faida iliacha kupanda kwenye 7,500 hivi. Tukamshushia mama hadi 5,000. Sasa anatembea kando ya ziwa, anapiga picha, anaituma kwenye kundi la familia, na wajukuu wote lazima wajibu.

*Dada wa Karura*
Niko Nairobi, natumia Strava, programu ya simu inayorekodi mbio zako na njia uliyopita. Ilinipa marafiki wa kukimbia nao msituni Karura, nashukuru. Ila kulikuwa na kipande kimoja cha mlima ambapo, kwenye orodha yake ya wenye kasi, jina langu lilikuwa la tatu kati ya wanawake, nikakifukuzia wiki nzima bila kupumzika hadi kano ya kisigino ikauma. Miezi miwili sikukimbia.

La pili nawaomba dada zangu mlisikie. Ramani ya mbio zangu ilikuwa inaanzia getini kwangu, wazi kwa kila mtu. Siku moja mwanaume nisiyemjua akaniandikia kwamba huwa ananiona natoka saa kumi na mbili. Nilitetemeka. Ingieni kwenye mipangilio leo hii, mfiche mwanzo na mwisho wa njia yenu. Mwaka 2018 ramani ya Strava ilifichua hata kambi za jeshi, sembuse geti la mtu.

*Mhasibu wa Mbagala*
Dada, pole sana, na asante. Kundini kwetu watu hurusha ramani hizo kila siku. Naenda kuwaambia sasa hivi.

*Mtanga Doha*
Mimi niko Qatar, mke wangu yuko Tanga. Saa zetu ni sawa, kwa hiyo saa mbili usiku kila mmoja anatoka kwake, simu masikioni, tunatembea huku tunaongea habari za watoto. Mwisho tunatumiana hatua. Jana yeye 6,200, mimi 5,900. Akaniambia rudi nje. Nikarudi.