Hilux ya mwaka 1996 inakula krosi ya katikati na senta beringi: naomba msaada wa kutafuta chanzo

Mnunuzi wa Asali (Sikonge)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninaandika kwa sababu nimefikia mahali ambapo fedha ninayoipata kwenye asali inaishia dukani kwa spea, na fundi wangu, ambaye ni mtu mwaminifu na mwenye bidii, hana tena la kuniambia isipokuwa kwamba gari limezeeka.

Gari ni Toyota Hilux ya mwaka 1996, ya dizeli, yenye injini ya aina inayoitwa 3L na inayovuta kwa magurudumu manne. Propela yake ya nyuma, yaani mhimili unaopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi difu (gia za ekseli ya nyuma), ni ya vipande viwili, na senta beringi inayoishikilia ipo katikati. Tangu Januari hadi sasa nimebadilisha krosi ya katikati (kiungo chenye mikono minne kinachoiruhusu propela kupinda) mara nne, senta beringi mara mbili na oili sili ya pinioni (gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu) mara mbili. Krosi ya mwisho, ile iliyo kwenye difu, nimeibadilisha mara moja tu. Mwanzoni nilidhani nimeuziwa spea bandia, nikahama duka. Kisha nikanunua krosi ya bei ya juu kuliko zote nilizozikuta Tabora mjini, nayo ikadumu wiki sita.

Dalili ni hizi. Nikitoka Tabora mjini kurudi Sikonge nikiwa sina mzigo, gari likifika kilomita 65 kwa saa kwenye lami linaanza kutetemeka chini ya miguu, mtetemo mwembamba wa haraka unaofanya hata sarafu zilizo mlangoni zilie, na nikizidisha 80 unageuka kuwa mngurumo. Nikipakia mzigo, mtetemo unakwisha kabisa. Hilo ndilo linalonichanganya, maana ningetegemea gari lilalamike likiwa limebeba, si likiwa tupu. Siku hizi umeongezeka mlio wa "ko" kila ninapoachia klachi.

Huenda hili nalo lina maana: mwaka jana, kabla ya masika, niliongeza pleti moja kwenye kila springi ya nyuma na kufunga shakeli ndefu (vile vyuma vinavyoishika ncha ya nyuma ya springi) ili gari linyanyuke, kwa sababu njia ninazopita kufuata asali zinakatiza mbuga za udongo mweusi ambako gari lililo chini hukalia tumbo. Mzigo wangu wa kawaida ni ndoo 40 za lita 20, sawa na kilo 800, ambazo ziko ndani ya uwezo wa tani moja. Nianzie wapi?

Fundi wa Cheyo (Tabora mjini)

Mwanangu, pole sana. Umeeleza vizuri kuliko wateja wengi wanaonijia gereji, na jibu lako kwa sehemu kubwa umelibeba mwenyewe katika ile aya ya springi na shakeli. Krosi nne katika miezi minane, kutoka maduka tofauti, haziwezi zote kuwa mbovu. Kuna kitu kinaziua, na kila mara fundi wako amekuwa akizika maiti bila kuuliza kilichoua.

Elewa kwanza namna krosi inavyofanya kazi. Propela ikiwa imepinda kwenye krosi, upande unaopokea nguvu hauzunguki kwa mwendo ulio sawa: huenda kasi na kupungua mara mbili katika kila mzunguko mmoja. Kadiri pembe inavyokuwa kubwa, ndivyo tofauti hiyo inavyokuwa kubwa. Watengenezaji wanaituliza kwa kuweka krosi nyingine upande wa pili yenye pembe inayolingana na ya kwanza, ili kile kinachoharibiwa na moja kirekebishwe na nyingine. Kwenye gari lako krosi ya katikati na krosi ya difu ndizo mapacha hao. Pembe zao zikitofautiana, propela inatikisika, na kumbuka kwamba propela inazunguka mara nne hadi tano zaidi ya magurudumu. Ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, imekwisha kupita mizunguko 2,000 kwa dakika. Senta beringi imeshikwa na mpira tu, kwa hiyo ndiyo inayopigwa.

Shakeli ndefu haikunyanyua gari peke yake. Imeishusha ncha ya nyuma ya springi, springi imelala kwa mwinamo mwingine, na pua ya difu, pale propela inapofungwa, imeelekea juu. Ukiwa mtupu springi zinabinuka na pembe ya katikati inakuwa kali. Ukipakia, springi zinanyooka na pembe zinakaribiana. Ndiyo maana gari lako linatulia likiwa na mzigo.

Usiniamini kwa maneno. Egesha mahali palipo sawa na upime kwa simu, kwa ile programu ya kupima mwinamo: kipande cha mbele cha propela, kipande cha nyuma, na uso wa flanji ya pinioni, lile bamba linalofungiwa propela. Uso wa flanji husimama wima, kwa hiyo soma umeachana na wima kwa digrii ngapi. Pima ukiwa mtupu na ukiwa na mzigo. Angalia pia kama mauntingi ya gia boksi (mpira unaoishikilia) haijakatika, kwani gia boksi ikilala nyuma inavuruga hesabu yote. Na tafadhali itafute ile krosi ya katikati iliyotolewa mara ya mwisho, uisafishe kwa dizeli na utueleze mikono yake minne ikoje.

Kabla ya kuingia chini, ziba magurudumu kwa mawe mbele na nyuma. Propela ya nyuma ikishafunguliwa, gia haishikilii tena magurudumu ya nyuma, inabaki hendibreki peke yake. Nimeona gari likimtoka mtu kwa kosa hilo.

Dereva wa Kaliua

Ninaunga mkono, ila mimi ningeanza na jambo moja lisilo na gharama. Fundi wako alipobadilisha senta beringi alilazimika kuvitenganisha vipande vya propela. Kama hakuweka alama, inawezekana amevirudisha vikiwa vimeruka meno. Simama nyuma ya gari utazame yoki (zile uma zinazoshika krosi) za ncha mbili za kipande cha nyuma: lazima zikae sambamba. Zikipishana hata jino moja, mtetemo utabaki hata kama pembe zote ziko sawa. Yangu ilikuwa hivyo, na niliihangaikia mwaka mzima kabla ya mtu kuinama na kutazama.

Vilevile, kwa kuwa gari lako linavuta mbele, unaweza kuitoa propela yote ya nyuma, ukafunga habu za mbele, ukaweka gia ya magurudumu manne na kuendesha polepole, kisha kwa mwendo ule unaotetemesha. Mtetemo ukitoweka, umejua ni propela. Ukibaki, tazama matairi na rimu.

Mfuga Nyuki (Ipole)

Ndugu yangu, mimi si fundi, lakini hesabu yako ya mzigo si sahihi na imeniuma kuiona. Kilo moja kwa lita ni maji. Asali ina uzito wa takriban kilo 1.4 kwa lita, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ni kilo 28, na ndoo 40 ni kilo 1,120 kabla hujahesabu ndoo zenyewe, wewe na utingo wako. Umekuwa ukipita tani moja kila safari, kwenye njia zenye makorongo, ukidhani umebakiwa na nafasi. Sisi tunaouza asali kwa ndoo tunalisahau hili kwa sababu bei yenyewe tunaitaja kwa ndoo.

Mnunuzi wa Asali (Sikonge)

Shikamoo mzee wangu, na asanteni nyote. Mfuga Nyuki, nimepima ndoo moja kwenye mizani na maneno yako ni ya kweli. Ninaona aibu kwamba sikuwahi kuipima kwa miaka yote hii.

Yoki ziko sambamba, na mauntingi ya gia boksi ni nzima. Vipimo ni hivi. Nikiwa mtupu, kipande cha mbele kinainama kuelekea nyuma kwa digrii 3, kipande cha nyuma digrii 11, na pinioni digrii 7. Nikiwa na ndoo 40, cha mbele kimebaki 3, cha nyuma kimeshuka hadi 5, na pinioni bado 7.

Krosi nimeipata kwenye kopo la fundi. Mikono miwili inayotazamana ina mistari iliyozama, imepangana kama alama za meno ya kitana, na nikipitisha ukucha unakwama kwenye kila mstari. Mikono mingine miwili imejaa unga mwekundu mkavu, na sindano za beringi zimegandana kwenye kikombe kiasi kwamba nilizitoa kwa msumari.

Fundi wa Cheyo (Tabora mjini)

Marahaba mwanangu. Sasa tunaona. Ukiwa mtupu, krosi ya katikati inapinda digrii 8, yaani 11 ukitoa 3, na ya difu inapinda digrii 4. Tofauti ni digrii 4, wakati mimi sikubali gari litoke gereji likiwa na tofauti inayozidi 1. Ukiwa na mzigo, moja inapinda 2 na nyingine 2, ndiyo sababu linatulia. Krosi inauawa ukiwa mtupu kwenye lami, kisha inamaliziwa na mzigo uliozidi unapoondoka kwenye tope.

Mistari ile ni ya kupigwa kwa nguvu kupita kiasi. Unga mwekundu ni jambo la pili: ni kutu, maana yake grisi haikufika kwenye mikono hiyo na maji yaliingia. Grisi ya kwenye nipeli (kichuchu cha kuingizia grisi) isukumwe hadi itokeze kwenye vikombe vyote vinne. Ikitoka kwenye viwili, kazi haijaisha. Kwa njia zako, rudia kila unapotoka kwenye maji.

Mkazi wa Nzega

Je, hawezi kuweka kabari za chuma kati ya springi na ekseli ili kuishusha pua ya difu kwa digrii 4, na kubaki na unyanyuko wake?

Fundi wa Cheyo (Tabora mjini)

Anaweza, na pembe zitalingana, lakini zitalingana kwenye digrii 8 kwa 8 akiwa mtupu, na pembe hiyo ni kubwa mno kwa mwendo wa lami. Arudishe shakeli za awali, atoe pleti ya nyongeza, na apunguze mzigo.

Mnunuzi wa Asali (Sikonge)

Wiki ya nne sasa tangu nirudishe shakeli za zamani na kutoa zile pleti. Nimefunga krosi mpya na senta beringi mpya, na ninabeba ndoo 30. Vipimo nikiwa mtupu: katikati digrii 4, difu digrii 4. Safari ya Tabora nimekwenda mara tano na kurudi, na kwenye 80 ninasikia upepo tu. Kwenye mbuga ninazunguka njia ndefu zaidi, nami nimeikubali. Kilichobaki ni oili sili ya pinioni, ambayo bado inatoa jasho ingawa ni mpya.

Fundi wa Cheyo (Tabora mjini)

Shika flanji ya pinioni uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi imechoka, na usiruhusu mtu aikaze nati kwa kubahatisha, kwa sababu nati hiyo ndiyo inayoweka mkazo wa beringi. Isipocheza, tazama tundu la kupumulia lililo juu ya ekseli. Likiziba, difu ikipata joto presha inasukuma oili itokee kwenye sili.

Mnunuzi wa Asali (Sikonge)

Flanji haichezi. Tundu nimelifungua jioni hii: lilikuwa limejaa udongo mweusi wa mbuga, mkavu, nimeuchokonoa kwa waya wa baiskeli mpaka ukatoka wote, na hewa ikatoka kwa mlio.